Masaji ipi kwa maumivu yapi? Shingo ya fundi cherehani, kiuno cha bodaboda, kiwiko cha seremala

MikonoMiwili ameuliza:

Wakuu, habari zenu.

Mabango ya bei ya masaji siku hizi yamejaa majina: Swidishi, diipu tishu, Tai, shiatsu, mawe ya moto, masaji ya nyayo, hijama. Mteja anafika na maumivu yake, kisha anaulizwa achague kama anayeagiza chakula. Naomba wanaoijua kazi hii watuoanishie aina ya masaji na aina ya maumivu, kwa watu wa namna tatu wanaofika sana.

Wa kwanza ni fundi cherehani. Shingo na bega la kulia vimekaza, na ikifika jioni kichwa kinamuuma kuanzia kisogoni hadi kwenye panja.

Wa pili ni dereva wa bodaboda. Kiuno upande mmoja, maumivu yanashuka takoni na nyuma ya paja, siku nyingine hadi unyayoni.

Wa tatu ni seremala. Kiwiko kwa upande wa nje. Akikamua nguo au akizungusha bisibisi anaruka kwa maumivu.

Nataka kujua mkono unawekwa wapi, nguvu kiasi gani, dakika ngapi, mara ngapi kwa wiki, mafuta gani. Na ni nani asiguswe kabisa.

---

FizioMoro:

Kabla ya majina ya masaji kuna neno moja la kulishughulikia: mshipa. Kwa Kiswahili chetu mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na bado kuna mshipa wa ngiri. Mteja akisema "mshipa umekaza" anaweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo, na kila moja inataka mkono wake. Kwa hiyo usianze kukanda. Mwambie akuonyeshe panapouma, kisha afuatishe kwa kidole njia ambayo maumivu yanapita.

Maumivu ya msuli ni mazito, ya kuchosha, mipaka yake haieleweki. Mtu huyaonyesha kwa kiganja kizima, na ukibonyeza penyewe anasema "hapohapo". Ya kano yako sehemu moja, unaweza kuyafunika kwa ncha ya kidole, na yanaamka kano ikivuta mzigo. Ya neva, yaani mshipa wa fahamu, yanachoma au yanapiga kama shoti ya umeme, yana ganzi au hali ya kutambaliwa na sisimizi, na yanafuata mstari. Ya kiungo chenyewe huja na ugumu wa asubuhi, pengine na uvimbe.

Sasa majina. Swidishi ni mtindo wa jumla: mafuta, viganja vinavyoteleza kuelekea moyoni, kukanda kama unga wa chapati, kusugua kwa duara, kupigapiga, kutikisa. Wengi humtaja Per Henrik Ling wa Sweden kuwa ndiye mwanzilishi, lakini aliyezipanga mbinu hizo na kuzipa majina ya Kifaransa yanayofundishwa mpaka leo ni daktari Mholanzi wa karne ya 19, Johan Georg Mezger. Inafaa kwa mwili uliochoka na kwa kuandaa misuli kabla ya kazi ya ndani. Kwa fundo sugu haitoshi.

Diipu tishu ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Watu wanadhani kina kinapatikana kwa nguvu, kumbe kinapatikana kwa mwendo wa polepole. Msuli ukishtuliwa hujikaza kujilinda, na kuanzia hapo unapigana na ulinzi huo tu. Tumia mafuta kidogo sana, kama nusu kijiko cha chai kwa mgongo mzima, ili mkono ushike badala ya kuteleza. Weka vifundo vya ngumi au kigasha, egemea kwa uzito wa mwili wako, subiri nyama ilegee, ndipo usogee sentimita 2 au 3 kwa kila pumzi ya mteja. Akibana pumzi au akikunja vidole vya miguu, umezidisha. Kitanda nacho kina sehemu yake: ukisimama mikono ikining'inia, vifundo vya ngumi viguse godoro. Kikiwa juu zaidi ya hapo utasukuma kwa mabega, na dole gumba lako litaharibika kabla ya mgongo wa mteja kupona.

Tai hufanyika mkekani, nguo mwilini, bila mafuta: mibonyezo ya viganja na magoti pamoja na kuvutwa viungo. UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2019. Ni nzuri kwa nyonga na mapaja yaliyokakamaa, na ni hatari kwa mwenye diski ya uti wa mgongo iliyochomoza, mifupa dhaifu au nyonga ya bandia. Shiatsu ya Japani hubonyeza kwa dole gumba sekunde chache kila mahali bila kusugua ngozi. Inamfaa asiyetaka kuvua nguo wala kupakwa mafuta. Mawe ya moto ni joto tu, na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni ataungua bila kujua. Masaji ya nyayo hutuliza, lakini usimwahidi mtu kwamba kibonyezo cha unyayoni kitatibu figo.

Kuna pia masaji ya limfu (majimaji ya mwili yanayopita kwenye mirija yake), ya Mdenmaki Emil Vodder, tangu miaka ya 1930. Hiyo ni nyepesi sana, inasogeza ngozi tu, na kazi yake ni uvimbe, kwa mfano mkono uliovimba baada ya upasuaji wa saratani ya titi. Inataka aliyefunzwa hasa.

---

DoleGumba:

Nichukue fundi cherehani.

Kinachomuuma kichwa mara nyingi kiko begani. Daktari Janet Travell, aliyekuwa tabibu wa Rais Kennedy, pamoja na David Simons walichora ramani za mafundo ya misuli na mahali maumivu yake yanaposikika, wakazichapisha mwaka 1983. Fundo la nyama ya juu ya bega, msuli wa trapezi, husikika pembeni mwa shingo na kwenye panja. Ndiyo maana kumsugua panja peke yake hakumfikishi popote.

Mlaze ubavu, bega linalouma likiwa juu. Shika ile nyama kati ya dole gumba na vidole viwili, kama anayepima unene wa kitambaa. Vingirisha hadi upate ukamba mgumu. Ndani yake kuna sehemu kama punje ya kunde inayouma kuliko kwingine. Bana taratibu hadi mwenyewe aseme maumivu ni 5 au 6 kati ya 10, usiongeze. Tulia hapo sekunde 30 hadi 90. Yakishuka hadi 2 au 3, achia polepole. Rudia mara 2 au 3, kisha hama. Fundo moja lisizidi dakika 3 kwa kikao. Likikataa kulegea, ama uko pembeni yake ama chanzo ni kingine, na kubana zaidi kutaacha jeraha tu.

Halafu chini ya fuvu. Alale chali, wewe ukae kichwani kwake, ncha za vidole vyote zisimame kwenye bonde la misuli pale fuvu linapoishia. Usibonyeze wala usivute. Uzito wa kichwa chake ndio unaofanya kazi. Dakika 2 au 3 zinatosha, na utasikia kichwa kikizidi kuwa kizito mkononi.

Tatu ni kifua, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Fundi amejikunja juu ya cherehani siku nzima. Msuli mdogo wa kifua, ule unaotoka mbavu ya 3 hadi ya 5 kwenda kushika kombe la bega, umefupika na unavuta bega mbele. Nyuma kunauma kwa sababu kunavutwa. Ukikanda nyuma kila wiki bila kulegeza mbele, umepata mteja wa kudumu na yeye hajapata nafuu. Tumia vidole vilivyolala bapa chini ya mtulinga, upande wa nje karibu na bega, taratibu, dakika 2. Eleza kabla ya kugusa, omba ruhusa, funika kwa taulo, na usifike kwenye titi. Akisikia vidole vya mkono vinasisimka, ondoa mkono: neva na mishipa ya damu ya mkono inapita chini ya msuli huo. Nyumbani asimame mlangoni, kigasha kwenye fremu, asogee mbele sekunde 30, mara 3, asubuhi na jioni.

Mbele ya shingo usiguse panapodunda, na usibonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Na ule mtindo wa baadhi ya vinyozi kuzungusha kichwa kwa ghafla hadi shingo ialike, uachwe kabisa. Mishipa ya damu inayopanda ndani ya pingili za shingo inaweza kuchanika, na matokeo yake ni kiharusi.

Kuhusu muda, kuna jaribio la Marekani lililochapishwa 2014, watu 228 wenye maumivu sugu ya shingo, wiki 4. Vikao vya dakika 60 mara 2 au 3 kwa wiki vilileta nafuu ya maana. Vya dakika 30 havikuwazidi waliokuwa wakisubiri tu. Kwa hiyo kwa shingo sugu, kikao kimoja kifupi kwa mwezi ni pesa iliyopotea.

---

MikonoMiwili:

Shukrani sana. DoleGumba, la kifua nilikuwa silitilii maanani. Sasa huyu wa bodaboda: nitajuaje kama ni msuli wa tako au ni neva imebanwa kiunoni? Maana wote wanasema "siatika", yale maumivu ya neva yanayoshuka mguuni.

---

FizioMoro:

Alale chali, goti limenyooka, inua mguu wenye shida polepole ukishika kisigino. Akihisi kuvutwa nyuma ya paja peke yake, huo ni msuli uliofupika. Maumivu yakikimbia chini ya goti kama umeme, mguu ukiwa kati ya nyuzi 30 na 70 kutoka kitandani, shuku neva. Muulize pia kama kukohoa au kupiga chafya kunayapeleka mguuni. Mwombe atembee kwa visigino, kisha kwa vidole; mguu ukikataa, kazi hiyo si yako, ni ya hospitali.

Ikiwa ni msuli, mhusika mara nyingi yuko pembeni mwa nyonga. Mafundo ya gluteasi minimasi, msuli mdogo wa tako, hupeleka maumivu upande wa nje wa mguu hadi karibu na kifundo, yakifanana na siatika kabisa. Alale ubavu, mto kati ya magoti. Tafuta nyama iliyo kati ya ukingo wa mfupa wa nyonga na ule mfupa unaochomoza pembeni ya paja. Kiwiko kiwekwe taratibu, uzito wa mwili, kipimo kilekile cha 5 au 6 kati ya 10. Katikati ya tako kuna msuli wa pirifomisi, na neva ya siatiki inapita chini yake, kwa hiyo hapo tumia kigasha au ngumi pana badala ya ncha ya kiwiko. Shoti ikishuka mguuni, sogea.

Kiuno chenyewe: alale kifudifudi, mto chini ya tumbo, taulo lililokunjwa chini ya vifundo vya miguu. Fanya kazi upana wa vidole viwili kutoka kwenye uti wa mgongo, kamwe si juu ya mifupa yake. Pembeni, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, elekeza vidole kwenye uti. Usielekeze juu chini ya mbavu, kwa sababu figo ziko huko na mbavu mbili za mwisho hazina egemeo mbele.

Ikiwa ni neva, hakuna diipu tishu, hakuna kuvutwa kwa Tai, na hakuna kumwambia mtoto apande akanyage mgongo. Laini tu juu ya misuli iliyojikaza, kutembea kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na fiziotherapia. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki 6 hadi 12. Mapitio ya Cochrane (shirika la kimataifa linalokusanya na kupima tafiti za tiba) ya 2015, yaliyokusanya majaribio 25, yaliona masaji ya kiuno inapunguza maumivu kwa muda mfupi na kwamba ushahidi wenyewe ni dhaifu. Dereva arudishwe kwenye mwendo: ashuke kwenye pikipiki kila saa, anyooshe mgongo nyuma mara 10.

Wasioguswa. Ganzi sehemu inayokalia siti, mkojo kuziba au kuvuja, miguu yote kulegea: hospitali leo hii, si kesho. Homa za jioni, jasho la usiku, uzito kupungua, na pingili moja iliyochomoza: hiyo inaweza kuwa TB ya uti wa mgongo, na kwetu huku haipaswi kusahaulika. Aliyeanguka na pikipiki apigwe picha kwanza. Shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto, linauma: huenda ni damu iliyoganda, na ukilisugua unaweza kuisukuma ikaenda mapafuni. Mwenye siko seli aliye kwenye maumivu makali asikandwe kwa nguvu. Mwenye historia ya saratani anataka ruhusa ya daktari wake. Mjamzito alale ubavu, wa kushoto hasa ujauzito ukiwa mkubwa, tumbo lisibonyezwe, na mishipa iliyovimba miguuni iachwe.

---

Kano_na_Mfupa:

Kiwiko nakifahamu, nitakuwa mfupi.

Mbinu yake inaitwa msuguano wa kukatiza kano, ya daktari Mwingereza James Cyriax. Kiwiko kikunjwe nyuzi 90, kiganja kitazame juu. Tafuta kifundo cha mfupa upande wa nje. Kano inayouma iko mbele yake kidogo. Hakuna mafuta. Kidole na ngozi vitembee pamoja kama kitu kimoja, kwa sababu kidole kikiteleza juu ya ngozi kinatoa lengelenge na kano haijaguswa. Sugua ukikatiza nyuzi za kano, kushoto kulia, usifuate urefu wake. Dakika 1 au 2 za mwanzo zinauma kiasi, kisha pafe ganzi. Pasipokufa ganzi, acha. Jumla dakika 10, na lipite angalau saa 48 kabla ya kurudia. Usiguse upande wa ndani wa kiwiko, kuna neva juujuu. Aliyechomwa sindano ya steroidi hapo karibuni aachwe.

Lakini seremala aambiwe ukweli: Cochrane ilipitia mbinu hii mwaka 2014 na haikupata ushahidi wa kutosha kuithibitisha wala kuikataa. Kano hupona kwa kupewa mzigo kwa kipimo. Chupa ya maji ya nusu lita, kigasha juu ya meza, kiganja kikitazama chini. Aipandishe kwa kusaidiwa na mkono wa pili, aishushe mwenyewe kwa kuhesabu hadi 4. Mara 15, seti 3, kila siku, wiki 6 hadi 12. Na bisibisi ya mpini mwembamba aifunge kitambaa inenepe, kwa sababu mshiko mwembamba ndio unaochosha kano hiyo.

---

BintiWete:

Mafuta na hijama hamjavigusa.

Ya nazi na ya ufuta yanatosha. Mwili mzima kwa Swidishi ni vijiko 2 hadi 3 vya chakula. Uliza kwanza kama mtu ana mzio wa ufuta. Mafuta ya karafuu, ya kwetu Pemba, watu huyapaka kama yalivyo wakidhani yakichoma ndiyo yanatibu. Yana kemikali ya ujenoli nyingi. Inatia ganzi kweli, na inaunguza ngozi kweli. Tone 1 katika mililita 10 za mafuta ya nazi, yaani vijiko 2 vya chai. Jaribu ndani ya kigasha, subiri siku 1. Yasipakwe kwenye kidonda, wala kwa mtoto mdogo.

Dawa za kuchua zenye harufu kali ya salisileti zisifuatwe na chupa ya maji ya moto, ngozi itababuka. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asipakwe kabisa. Zinaingia mwilini na kuongeza hatari ya kutoka damu.

Hijama kavu, wenyewe tunaita kuumika, inanyanyua ngozi na nyama badala ya kukandamiza. Inafaa juu ya mabega na mgongo wenye nyama. Dakika 5 hadi 10 kwa kikombe. Ukizidisha yanatoka malengelenge. Duara jekundu hufifia ndani ya wiki 1 au 2. Ya damu ni jambo jingine: wembe mpya kwa kila mtu, glavu, kikombe kisichorudiwa. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kuishi siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka, hivyo kusuuza kikombe kwa sabuni hakutoshi. Mwenye upungufu wa damu, siko seli, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mjamzito wasifanyiwe.

---

MikonoMiwili:

Nimewaelewa. La mwisho: mteja akiamka kesho yake anaumwa zaidi na anasema "ni sumu zinatoka", nimjibu nini?

---

DoleGumba:

Hakuna sumu inayotoka. Na asidi ya laktiki inayosemwa sana huondoka yenyewe ndani ya saa chache baada ya kazi nzito. Kuuma kama mtu aliyelima jana, saa 24 hadi 48, ni kawaida baada ya kazi ya ndani. Maji anywe akiwa na kiu, hayana cha kusafisha hapo.

Michubuko si ya kawaida. Nguvu ilizidi, au kuna dawa anatumia hakukwambia, muulize. Mkojo ukiwa wa rangi ya kola, misuli imevimba na kulegea, aende hospitali mara moja, kwa sababu msuli uliopondeka hutoa protini inayoziba figo. Wenye presha wainuke kwa hatua, wakae ukingoni dakika 2 kabla ya kusimama.

Aliyeumwa zaidi asikandwe palepale kabla ya saa 72. Akirudi, anza na nusu ya nguvu ya kwanza, na upunguze idadi ya mafundo uliyoshika siku ile.